Zebaki ikitoka mwaloni inakwenda wapi?

Wachimbaji wadogo huosha mawe yaliyosagwa kwenye mwalo, yaani mahali pa kuoshea mchanga wenye dhahabu, kisha hutia zebaki ili ishikamane na chembe za dhahabu. Mchimbaji akishakamua zebaki iliyozidi kwa kitambaa, mkononi hubaki kidonge cheupe kama fedha. Kidonge hicho si dhahabu tupu: karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Kikiwa cha gramu 10, kikishachomwa kitaacha dhahabu ya gramu 5 hivi, na gramu 5 nyingine zitakuwa zimepaa. Kwenye machimbo madogo ya Geita, Kahama na Chunya hesabu hiyo ya pili huandikwa na wachache, ingawa zebaki nayo ilinunuliwa kwa fedha taslimu.

Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, wakati dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064. Ndiyo maana jiko la kawaida la mkaa linatosha kuzitenganisha, na ndiyo maana watu huchomea popote: uani, dukani kwa mnunuzi, hata chumbani mvua ikinyesha au pakihofiwa wezi. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Hewa yenye joto la nyuzi 25 inaweza kubeba karibu miligramu 20 za zebaki kwa kila mita moja ya ujazo, na kikomo ambacho wataalamu wengi wa afya kazini hutumia ni miligramu 0.025. Hiyo ni mara 800. Mvuke unaozidi kile ambacho hewa inaweza kubeba huganda kwenye bati, ukutani, kwenye chandarua na godoro, kisha jua likiwaka hutoka tena kidogo kidogo. Kwa hiyo mtoto anayelala chumba hicho anaivuta hata siku ambayo hakuna aliyechoma.

Wengi huogopa kuishika zebaki kuliko kuivuta, na hapo wamekosea mpangilio. Ngozi hupitisha kidogo, lakini mapafu hubakiza karibu asilimia 80 ya mvuke unaoingia. Kitambaa chenye maji puani au barakoa ya vumbi haizuii chochote, kwa kuwa mvuke si vumbi. Dalili huanza kimyakimya: usingizi kupotea, hasira za karibu, kusahau, fizi kuvimba, kisha mikono kutetemeka mpaka kikombe cha chai kinamwagika. Kijijini husemwa ni pombe au malaria sugu. Aliyechomea ndani ya chumba kilichofungwa anaweza kubanwa kifua na kukohoa saa chache baadaye; huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Dawa ya tatizo hili ni chombo kidogo cha chuma kiitwacho retoti. Kina bakuli, kifuniko kinachokazwa, na bomba linaloinama kuelekea chini. Kidonge huwekwa ndani, kifuniko kinakazwa, bomba linafungwa kitambaa kilicholowa, na mdomo wake unaelekezwa kwenye chombo chenye maji. Kikitunzwa vizuri hurudisha asilimia 95 au zaidi ya zebaki. Makosa yanayoua kazi yake ni matatu. La kwanza ni kuzamisha mdomo wa bomba majini: moto ukipungua, chombo hunyonya maji, maji hukutana na chuma cha moto na retoti inaweza kupasuka. Mdomo uwe juu kidogo ya maji. La pili ni kifuniko kisichobana. Mvuke hupita pembeni na mtu hudhani yuko salama. La tatu, ambalo ni la kila siku, ni haraka ya kufungua. Mvuke uliobaki ndani unakupiga usoni. Acha chombo kipoe mpaka ukishike kwa mkono mtupu.

Retoti nyingi zimelala stoo, na lawama si za wachimbaji peke yao. Duara, yaani shimo la uchimbaji, lina wabia, na kila mbia anataka kuona dhahabu kwa macho. Chombo kilichofungwa kinazua maneno. Isitoshe, dhahabu ya retoti ya chuma wakati mwingine hutoka na rangi ya kahawia, mnunuzi akapata sababu ya kushusha bei. Ikiyeyushwa na boraksi, unga wa kusafishia dhahabu wakati wa kuyeyusha, rangi hurudi. Hata mnunuzi mwenyewe asijione yuko mbali na jambo hili, kwa kuwa dhahabu iliyochomwa bado huwa na asilimia chache za zebaki, na anapoiyeyusha dukani bila bomba la kutolea moshi, anayeivuta ni yeye na jirani.

Hata hivyo, zebaki nyingi hupotea kabla ya moto kuwashwa. Kuimwaga ndani ya karasha, mashine ya kusagia mawe, pamoja na mawe yote ni uharibifu mtupu: gololi za mashine huisaga ikawa chembe ndogo mno zisizokamatana tena, zinaondoka na tope. Sahihi ni kusaga kwanza, kuosha kwenye mwalo, kisha kutia zebaki kwenye mchanga mzito uliobaki kwenye magunia yaliyotandikwa mwaloni tu, ndani ya beseni. Magunia yakikaa muda mrefu bila kusuuzwa hujaa, na dhahabu hupita juu yake. Tope likimiminwa kwa vishindo, matokeo ni yaleyale. Kusaga kukavu nako kuna gharama yake: vumbi la mawe meupe huchubua mapafu bila tiba na humfungulia kifua kikuu mlango. Nyunyiza maji.

Marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuosha, ndiyo sehemu isiyosemwa sana. Mara nyingi nusu ya dhahabu au zaidi hubaki humo, kwa hiyo huuzwa kwa wenye matangi ya sianidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu. Marudio hayo yakiwa na zebaki, sianidi huyeyusha vyote viwili, na zebaki iliyoyeyuka husafiri na maji kwa urahisi kuliko ilipokuwa chembe. Sianidi huvunjika kwa jua, zebaki haivunjiki. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka mambo manne yakomeshwe: kutia zebaki kwenye mawe yote, kuchoma wazi, kuchomea kwenye makazi ya watu, na kuchenjua kwa sianidi marudio yenye zebaki kabla ya kuitoa.

Kwenye tope la mto au ziwa, vijidudu huigeuza zebaki kuwa aina inayopanda kutoka mdudu hadi samaki mdogo, hadi samaki mla samaki. Ndiyo maana sangara mkubwa hukusanya zaidi kuliko sato. Aina hiyo huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ziwani. Mwalo uwe mbali zaidi ya hapo, na bwawa lake lizibwe kwa udongo wa mfinyanzi au turubai.

Anayechoma mara kwa mara apimwe mkojo. Kwa zebaki ya samaki hupimwa damu au nywele. Akifika zahanati, jambo la kwanza kumwambia tabibu ni kazi anayoifanya, kabla hajaandikiwa dawa ya malaria kwa mara ya nne.