Si kelele tu: kwa nini ndege za mafunzo huwekwa mbali na hospitali

Vijiweni hapa Mtwara, ukitajwa uwanja wa helikopta hospitalini, wengi hudai ndege za mafunzo huzuiwa karibu nao kwa sababu ya kelele tu. Husema anga ni kubwa, rubani anaona. Hapana. Hatari kubwa ni kugongana.

Ukiwa rubani, chombo kinachokuja kukugonga hakionekani kikisogea kwenye kioo cha mbele cha ndege yako. Kinabaki doa dogo palepale, halafu ghafla kinajaa mbele yako. Jicho hunasa kinachosogea, kwa hiyo hata mzoefu hukikosa. Mwanafunzi yuko futi kama 1,000 juu ya ardhi, macho kwenye vipimo, masikio kwa mwalimu. Rubani wa helikopta naye anashuka polepole akichunga nyaya na miti, nafasi ya kukwepa hana.

Tarehe 29 Juni 2008, huko Flagstaff, Marekani, helikopta mbili za wagonjwa ziligongana mchana kweupe zikielekea hospitali moja. Wote 7 waliokuwamo walikufa. Ikiwa wazoefu hawakuonana, sembuse anayejifunza?

Mazoezi ya kukata kona yanaweza kufanyiwa mbali, tuseme juu ya mikorosho ya kuelekea Nanyamba. Mama anayevuja damu hana pengine pa kushushwa.