Bangi na ubongo: ya kijiweni na yaliyopimwa

Ukikaa mwaloni Kibirizi, Kigoma, jioni, boti za dagaa zikijiandaa kuingia ziwani, utasikia habari mbili za bangi ambazo haziwezi kupikwa chungu kimoja. Mmoja atasema ni jani tu, wazee walivuta na wakazeeka na akili zao. Mwingine, pengine mama anayeuza chapati pembeni, atasema puli moja inatosha kumfanya mtu aokote makopo. Wote wamekosea, na kosa la mama lina hasara yake: kijana akishavuta mara tano na akili zikabaki kichwani, anamwona mama muongo hata anapomwambia ya kweli.

"Ni mmea wa asili, hauna kemikali"

Muhogo mchungu nao ni wa asili, na usipolowekwa vizuri unaua. Bangi ina kemikali zaidi ya 100 za ukoo mmoja, na mbili ndizo zenye habari: THC, ambayo ndiyo inayolewesha, na CBD, ambayo hailewishi.

Ubongo una vipokezi viitwavyo CB1. Vichukulie kama vitasa. Mwili wenyewe hutengeneza ufunguo wake, anandamaidi, iliyotambuliwa mwaka 1992. Hutolewa kidogo, pale tu inapohitajika, kisha huvunjwa upesi. THC huingia kwenye vitasa hivyohivyo, ila yenyewe huvifungua ubongo mzima kwa mpigo na kubaki humo kwa saa kadhaa. Vitasa hivyo vimejaa zaidi kwenye hipokampasi inayotunza kumbukumbu mpya, kwenye serebelamu inayoshika mizani ya mwili, na sehemu ya mbele inayopima uamuzi. Ndiyo maana mvutaji husahau alichokuwa anasema, huyumba, na huamua mambo ambayo asubuhi hayaelewi.

Na wazee? Hawakuvuta kitu kilekile. Bangi iliyokamatwa na kupimwa Marekani ilikuwa na wastani wa THC wa takriban asilimia 4 mwaka 1995, na asilimia 12 hivi mwaka 2014. Huku kwetu nayo skanka, bangi kali yenye THC nyingi, imeingia sokoni. Kete haina lebo, kwa hiyo mnunuzi hajui kama leo amepata ya babu au mara tatu yake.

"Inatia nguvu, ziwani husinzii"

Inaondoa kuhisi uchovu, na hiyo si nguvu. Moyo ndio unaoongeza kazi, mapigo 20 hadi 50 zaidi kwa dakika, huku misuli ikibaki na uwezo uleule.

Tazama kinachotakiwa saa nane usiku wakati wavu unapandishwa. Mikono minne au sita ivute kwa pamoja, mguu usiwe ndani ya kamba, na jicho likadirie umbali kati ya ubavu wa boti na taa inayoyumba. THC huvuruga makadirio ya muda kwanza kabisa: dakika tano huonekana kumi, na anayevuta kamba huachia kabla au baada ya wenzake. Hapo ndipo mtu huangukia majini. Aliyevuta msokoto hubaki na kasoro hizo saa 4 hadi 6, hata kama stimu yenyewe amekwisha kuiona imekata. Dereva wa bodaboda anayeteremka kutoka Mwanga kwenda stesheni yumo kwenye hesabu hiyohiyo.

"Ukivuta unasoma na kuelewa"

Kuhisi umeelewa na kukumbuka ni vitu viwili tofauti. Kipimo chake ni rahisi: mtu husomewa maneno 15, kisha baada ya nusu saa huulizwa amebaki na mangapi. Aliyelewa bangi hurudisha machache, na mara nyingine huongeza maneno ambayo hayakusomwa, tena kwa uhakika kabisa. Hili la pili ndilo baya kwa mtihani.

Kwa anayevuta kila siku, upungufu huo hauishi stimu inapoisha. Huendelea kwa siku kadhaa. Habari njema ni kwamba kwa mtu mzima sehemu kubwa hurudi akikaa bila kuvuta kwa mwezi mmoja hivi.

Umri ndio unaobadilisha hesabu. Ubongo huendelea kujengwa hadi karibu miaka 25, na sehemu ya mbele humalizika mwisho. Utafiti wa Dunedin, New Zealand, umewafuatilia watu 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Walioanza bangi wakiwa matineja na kuendelea nayo kwa uraibu wa miaka mingi walikuwa wameshuka kwa wastani wa pointi 8 za kipimo cha akili walipofika miaka 38. Walioanza ukubwani hawakuonyesha mporomoko huo. Tafiti za mapacha zilizofuata zilipunguza uzito wa hoja hiyo, kwa sababu pacha mvutaji na pacha asiyevuta hawakutofautiana sana. Malezi, pombe na kuacha shule vimo pia. Hata ukiikata hoja nusu, mtoto wa kidato cha pili hana sababu ya kuwa sehemu ya jaribio.

"Bangi inamfanya kila mtu kichaa" na "kichaa cha bangi ni kurogwa"

Hapa ndipo familia zinapoumia zaidi, kwa hiyo tuende polepole.

Kuna mambo mawili yanayochanganywa. La kwanza ni kulewa kupita kiasi: hofu, moyo kwenda mbio, kuhisi watu wanamsema, pengine kusikia sauti. Hili huanza ndani ya saa chache baada ya kuvuta au kula, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja, mara chache siku kadhaa. La pili ni ugonjwa wa akili unaodumu, kama skizofrenia. Huko bangi haiumbi ugonjwa kwa kila mtu. Huongeza uwezekano, zaidi kwa mwenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua.

Uwezekano huo umepimwa. Vijana zaidi ya 45,000 waliosajiliwa jeshini Sweden mwaka 1969 na 1970 walifuatiliwa kwa miaka 15. Waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia mara 6 kuliko wasiovuta kabisa. Utafiti wa mwaka 2019 uliofanyika Ulaya na Brazil ulikuta anayevuta kila siku ana hatari mara 3 ya kupata saikosisi (hali ya kupoteza uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo), na anayevuta kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi, karibu mara 5. Kwa kuwa skizofrenia humpata mtu chini ya mmoja katika mia, hata ukizidisha, wavutaji wengi hawataokota makopo. Wachache watakaougua ndio hawajulikani mapema.

Sasa kijana amechanganyikiwa nyumbani, afanywe nini?

Mguse kwanza. Kigoma na Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi zaidi nchini, na malaria kali hupanda kichwani. Kijana mwenye homa anayeweweseka apimwe malaria leo hii, hata kama mfukoni mwake kuna msokoto. Kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Kusema "ni bangi tu, itamtoka" kumewachelewesha wagonjwa wengi.

Kama hana homa, mweke chumba chenye utulivu, taa hafifu, mtu mmoja anayemwamini akae naye na kuongea taratibu. Msimfunge kamba, msimzunguke watu kumi. Ondoeni panga, visu na mafuta ya taa. Apelekwe hospitali ya wilaya au ya mkoa, Maweni, bila kungoja akiwa hajalala usiku mbili, hanywi maji, anatishia kujiumiza au kuumiza wengine, au sauti bado anazisikia siku kadhaa baada ya kuacha kuvuta. Anayetaka kupita kwa mganga au kwenye maombi hazuiwi, lakini hospitali isisubiri zamu. Saikosisi ikikaa miezi bila dawa, huwa ngumu zaidi kutibika.

Maziwa, ndimu na kuoga maji ya baridi? Havitoi bangi. Moshi ukishaingia mapafuni, THC hufika kichwani ndani ya dakika chache, na maziwa yanaishia tumboni. Kumlazimisha mtu aliyelegea kuyanywa kunaweza kuyapeleka mapafuni. Na wanaodhani andazi au keki ya bangi ni laini kuliko msokoto, kasoro iko kwenye saa: ya kula huchelewa kati ya dakika 30 na saa 2, mlaji hudhani haijashika, anaongeza la pili, kisha yote mawili yanamfikia pamoja na kumkalisha saa 8 au zaidi.

"Inatibu kifafa"

Nusu ya ukweli. Dawa safi ya CBD iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa aina mbili kali za kifafa cha utotoni. Dozi yake huanzia miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na huweza kufika 20. Mtoto wa kilo 20 hupata kati ya miligramu 100 na 400, huku ini likifuatiliwa kwa vipimo vya damu. Majani yaliyochemshwa jikoni hayana hesabu hiyo, na yana THC juu yake. Mtoto asikatishwe vidonge vya kifafa kwa ajili ya chai hiyo: kukatiza ghafla ndiko kunakoleta degedege lisilokoma.

"Haina uraibu"

Takriban mtu mmoja kati ya 10 wanaojaribu hunasa. Kwa walioanza utineja, mmoja kati ya 6. Metadoni, dawa ya uraibu iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ni ya heroini na haina kazi hapa. Hakuna kidonge kilichoidhinishwa kwa uraibu wa bangi. Kinachosaidia ni ushauri nasaha na mpango wa kuacha.

Mpango wenyewe uanze na tumbaku. Anayechanganya bangi na tumbaku, jambo jepesi Tabora ambako tumbaku inalimwa, ana uraibu wa aina mbili, na mara nyingi kinachomrudisha kijiweni ni nikotini. Mvuvi achague kuacha juma la mbalamwezi, dagaa wasipofuata taa na boti zinapokaa nchi kavu, kwa sababu siku mbaya zaidi ni ya pili hadi ya sita: hasira za bure, jasho, chakula hakipiti, usingizi hauji. Haya hupungua ndani ya wiki mbili. Vipokezi vya CB1, vilivyokuwa vimepungua kwa kuzidiwa na THC, huanza kurudi baada ya siku mbili tu, na kufikia siku ya 28 hukaribia idadi ya mtu asiyevuta.

Ndoto ndizo huchelewa kutulia. Bangi hubana sehemu ya usingizi yenye ndoto, na ikiachwa zinarudi kwa kishindo, za kutisha, kwa wiki kadhaa. Wapo wanaoamka saa tisa usiku wakiamini wametupiwa kitu, wakavuta ili walale. Anayelala chumba kimoja na anayeacha, akijua mapema kwamba ndoto hizo zitakuja, amwambie tangu siku ya kwanza.