Dormant maana yake nini? Akaunti, mlima na kiazi

Umefika dirishani benki na kadi ya akaunti uliyoitelekeza tangu ulipobadilisha kazi. Karani anabofya, anakodolea kioo macho, kisha anakwambia: "Akaunti yako ni dormant." Wengi hapo husikia kwamba imefungwa, na moyo unaanza kwenda mbio. Sivyo. Neno hilo limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini, dormire, yaani kulala, likapitia Kifaransa hadi kuingia Kiingereza, na usingizi ndio kiini chake mpaka leo. Kitu dormant hakifanyi kazi kwa sasa, ila uwezo wa kufanya kazi kinao bado.

Hapo ndipo linapoachana na ndugu zake. Inactive husema tu kwamba hakuna shughuli. Kama itarudi au hairudi, neno hilo halisemi. Idle huwafaa zaidi watu na mitambo iliyo tayari lakini haina la kufanya, mfano trekta lililoegeshwa kwa kukosa dizeli. Extinct ni kilichokufa kabisa.

Benki huiweka akaunti kwenye kundi la zilizolala mwenyewe asipoweka wala kutoa kitu kwa muda ambao benki imeupanga. Angalia neno "mwenyewe". Makato ya kila mwezi na riba hupita humo bila wewe kujua, lakini hayo ni mambo ya benki na hayahesabiki kama wewe umeigusa. Kuizuia kuna sababu: akaunti isiyotazamwa na mtu ndiyo tamu kwa mwizi, hata mwizi aliye ndani ya benki. Kwa kawaida kuiamsha ni kwenda tawini na kitambulisho, kujaza fomu na kufanya muamala. Nchini Kenya, amana ikikaa miaka 5 bila mwenyewe kujitokeza, Sheria ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa ya mwaka 2011 inaitaka benki iikabidhi kwa mamlaka maalumu, UFAA. Hata huko pesa hubaki kuwa yako, na ukifariki, warithi wako wanaweza kuzidai.

Mlimani neno hili lina uzito mwingine. Kilimanjaro si volkano moja, ni tatu zilizoshikana: Shira, Mawenzi na Kibo. Shira na Mawenzi ni volkano mfu. Kibo, chenye kilele cha mita 5,895, kimelala tu, na mpandaji akifika kwenye kreta ya Reusch bado anakuta nyufa zinazofuka gesi zenye harufu ya salfa. Jirani yake upande wa magharibi, Ol Doinyo Lengai, wala hana habari ya kulala. Ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007 na majivu yakaufikia ukanda wa malisho ya Wamaasai.

Tatizo ni kwamba anayesema mlima umelala ni binadamu, na kumbukumbu za binadamu ni fupi mno kwa mlima. Pinatubo kule Ufilipino ulikaa kimya kwa takribani miaka 500. Watu walijenga na kulima miteremkoni, na misitu ikaufunika. Juni 1991 ukalipuka, mmoja wa milipuko mikubwa kabisa ya karne ya 20, na chembechembe ulizorusha angani zikapunguza joto la dunia nzima kwa karibu nusu nyuzi ya Selsiasi. Kwa hiyo mtaalamu akiuita mlima dormant, hajakuhakikishia usalama wowote.

Mfano ninaoupenda mimi uko sokoni. Kiazi mviringo kilichochimbwa leo ukikipanda kesho, hata kama udongo una unyevu na joto zuri, kitakaa tu. Macho yake yamefumba, kwa sababu homoni zilizomo ndani zinayazuia kuchipua mpaka muda wake utimie. Aina nyingi hulala miezi miwili, mitatu hivi. Shangi, kiazi kilichotapakaa Kenya, usingizi wake ni mfupi sana. Mkulima anayetaka kurudisha mbegu shambani upesi anafurahi. Anayetaka kuweka ghalani akisubiri bei ipande anafungua magunia na kukuta vichipukizi vyeupe vimeshatokeza. Kwa aina zinazolala sana, kuna wanaoloweka mbegu kwenye maji ya homoni ili kuziamsha mapema.

Katika sentensi, dormant hukaa kabla ya nomino, a dormant volcano, au baada ya kitenzi, na kitenzi inachokipenda zaidi ni lie: lie dormant, yaani kulala kimya mahali fulani. Usimwite mtu mzembe dormant. Huyo ni lazy, au idle ukitaka kumstahi. Vijidudu vya magonjwa lakini huitwa hivyo, na kwa haki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa bakteria wa kifua kikuu. Wengi wao hawakohoi wala hawamwambukizi mtu, na hawataugua kamwe, lakini kinga ikishuka, kwa VVU kwa mfano, mdudu aliyelala anaweza kuamka. Vitabu vya tiba hupendelea kuyaita maambukizi hayo latent, yaani yaliyojificha, na kumwachia bakteria mwenyewe neno dormant.