Ramani za Jangwa la Sonora: Dhana Potofu na Ukweli

Jangwa la Sonora limetandaa pande mbili za mpaka unaotenganisha jimbo la Arizona nchini Marekani na jimbo la Sonora nchini Meksiko. Ramani zake zimechorwa kwa karibu miaka 500, na zile za zamani leo huhifadhiwa kwenye makumbusho na kusifiwa kwa uzuri wake. Zinastahili sifa hizo, lakini mara nyingi husomwa vibaya, na usomaji huo umewanyima wenyeji wa jangwa nafasi yao katika historia ya nchi yao wenyewe.

Dhana: Kadiri ramani ilivyo ya zamani, ndivyo makosa yake yalivyo mengi.

Kisa cha California kinaipinga dhana hii waziwazi. Mwaka 1539 nahodha Francisco de Ulloa alipanda na Ghuba ya California hadi kwenye ncha yake ya kaskazini, akakuta bahari imeishia hapo, na ramani ya Domingo del Castillo ya mwaka 1541 ikaionyesha California ya kusini, yaani Baja California ya leo, kama rasi iliyoshikana na bara. Ukweli ulikwisha kujulikana. Karne iliyofuata ndiyo iliyoupoteza. Padri Antonio de la Ascensión, aliyeshiriki safari ya baharini ya Sebastián Vizcaíno ya 1602 hadi 1603, alishikilia kwamba California ni kisiwa. Katika miaka ya 1620 wachapaji wa Ulaya wakaanza kuichora hivyo, na ramani ya Mwingereza Henry Briggs ya mwaka 1625 ikalieneza kosa hilo mbali. Wachoraji wengi wa Amsterdam, London na Paris hawakuwahi kulitia jangwa machoni. Walichokuwa nacho mezani ni ramani ya mwenzao, nao wakanakiliana kizazi baada ya kizazi. Ilimlazimu Mfalme Ferdinand VI wa Hispania kutoa amri mwaka 1747 kwamba California si kisiwa, miaka 208 baada ya Ulloa kuifikia ncha ya ghuba.

Dhana: Padri Kino aligundua peke yake njia ya nchi kavu kwenda California.

Eusebio Kino, Mjesuiti aliyezaliwa mwaka 1645 karibu na Trento, alifika mwaka 1687 katika nchi ambayo Wahispania waliiita Pimería Alta, yaani kaskazini mwa Sonora na kusini mwa Arizona ya leo, akaishi huko hadi kufa kwake mwaka 1711. Alikuwa mpanda farasi hodari na mchoraji ramani makini, nami namheshimu kwa hilo. Hata hivyo, ramani aliyoichora katikati ya miaka ya 1690 bado iliionyesha California kama kisiwa.

Kilichombadilisha ni zawadi. Mwaka 1699, karibu na Mto Gila, wenyeji walimpa makombe ya buluu, yaani maganda ya viumbe wa baharini. Kino aliyatambua mara moja, kwa sababu miaka 14 hivi kabla ya hapo alikuwa ameona ya namna hiyo kwenye pwani ya Pasifiki ya California, na alijua kwamba hayapatikani ndani ya ghuba. Kama makombe hayo yalifika jangwani mikononi mwa watu wasio na vyombo vya kuvuka bahari, basi yalipita nchi kavu. Biashara hiyo ya makombe ilikuwa ya kale kuliko ramani yoyote ya Mzungu kuhusu eneo hilo. Kino akaanza kuuliza, akaongozwa na watu waliozijua njia na visima, na mwaka 1701 akavushwa Mto Colorado akiwa ameketi ndani ya kapu kubwa lililowekwa juu ya chelezo, huku wenyeji wakiogelea na kulisukuma. Ramani yake ya njia ya nchi kavu ilichapishwa Paris mwaka 1705 ikiwa na jina lake. Waogeleaji wale na walioleta makombe hawamo.

Dhana: Mahali palipoachwa wazi kwenye ramani palikuwa patupu.

Palikuwa na Watohono O'odham, jina ambalo maana yake ni watu wa jangwa, walioitwa Wapapago na wageni kwa muda mrefu. Walikuwa na makazi ya majira mawili: wakati wa baridi walikaa karibu na chemchemi za milimani, na mvua za kiangazi zilipoanza walishuka mabondeni kupanda mahindi na maharage ya tepari kwenye ardhi iliyolowa kwa mafuriko. Mchoraji aliyepita msimu mmoja angeweza kukuta kijiji hakina mtu na kukiandika kuwa mahame. Kabla ya mvua hizo huja mavuno ya saguaro, dungusi kakati linaloweza kupita mita 10 kwa urefu. Tunda lake huangushwa kwa ufito mrefu uliotengenezwa kwa mbavu kavu za saguaro lenyewe, na maji yake huchemshwa yawe sharubati, ambayo huchachushwa kwa ajili ya sherehe ya kuita mvua. Mwaka wa O'odham huanzia hapo.

Dhana: Mpaka wa leo ulichorwa kwa vipimo sahihi, na wenyeji wanaopita huku na huku ndio wanaouvuka.

Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa mwaka 1848, uliomaliza vita kati ya Marekani na Meksiko, ulitegemea ramani iliyochapishwa na John Disturnell mwaka 1847, ambayo iliuweka mji wa El Paso karibu nusu digrii kaskazini kuliko ulipo, na Mto Rio Grande takriban digrii mbili mashariki kuliko unapopita. Wajumbe wa mipaka, John Bartlett wa Marekani na Pedro García Conde wa Meksiko, walipofika uwanjani walilazimika kujadili kama wafuate karatasi au ardhi. Mapatano yao yalikataliwa Washington, na Bonde la Mesilla likabaki na mgogoro. Marekani, iliyotaka pia njia ya reli ya kusini, ikanunua ardhi ya kilomita za mraba 77,000 hivi kwa dola milioni 10, kwa mkataba uliotiwa saini Desemba 1853 na kuidhinishwa mwaka uliofuata.

Watohono O'odham hawakuulizwa. Mstari uliowekwa ndio uliowavuka wao, ukaigawa nchi yao vipande viwili. Vijana wao walikuwa na desturi ya kwenda kwa miguu hadi Ghuba ya California kuchukua chumvi, safari ya ibada iliyokuwa na nyimbo zake na masharti yake. Tangu mwaka 1854, atakayeianza safari hiyo Arizona sharti avuke mpaka wa kimataifa kabla ya kuifikia bahari.