Kwa Nini Kutanua Tundu la Moshi Kwenye Hedi Hakuongezi Nguvu Kila Mara?

Katika gereji za Unguja na Pemba si ajabu kumsikia mteja akimtaka fundi amtanulie tundu la moshi kwenye hedi ya pikipiki, yaani kifuniko cha juu cha silinda, ili chombo kiwe chepesi. Ombi hilo lina msingi, kwa kuwa silinda isiyotoa moshi wote haina nafasi ya kupokea mchanganyiko mpya wa hewa na petroli. (Vespa kongwe za mipigo miwili hazimo humu, maana tundu lao la moshi limo kwenye ukuta wa silinda, na hedi yake haina valvu, yaani vilango vinavyofunguka na kufungwa.)

Injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni hupata sekunde 0.005 tu za kuusukuma moshi nje. Hata hivyo, moshi haungoji kusukumwa: valvu yake hufunguka kabla pistoni haijafika chini kabisa, wakati shinikizo la ndani bado linalishinda la nje mara kadhaa, na sehemu kubwa hutoka wenyewe. Ndiyo maana valvu ya moshi kwa kawaida huwa ndogo kuliko ya hewa.

Kinachousumbua moshi zaidi ni umbo la njia. Ukishapita valvu hukutana na kona kali, na kwenye upande wa ndani wa kona hiyo huachana na ukuta, ukaanza kujizungusha na kuibana njia, kama umati unaotoka Uwanja wa Amani kupitia lango pana lenye kona mbele yake. Kwa hiyo fundi mjuzi hukichonga kiti cha valvu, yaani ukingo ambao valvu hukalia inapofungwa, kwa pembe tatu, aghalabu za digrii 30, 45 na 60, akailainisha kona na kupunguza uvimbe unaoizunguka gaidi ya valvu, yaani kijibomba kinacholiongoza shina lake. Kwengine hagusi sana.

Akitanua ovyo, kasi ya moshi hupungua, na kasi hiyo ina kazi: moshi unaokwenda mbio huacha mvuto nyuma yake, ambao, valvu zote mbili zikiwa wazi kwa muda mfupi, husaidia kuuvuta mchanganyiko mpya. Kung'arisha kama kioo, jambo ambalo wateja hulipenda mno, huchelewesha masizi kuganda, lakini nguvu inayoongezeka ni haba.

Tundu pana hufaa zaidi injini inayokimbizwa kwenye mizunguko ya juu. Bodaboda inayopanda vilima vya Pemba na abiria hutegemea mizunguko ya chini na ya kati, na kwa chombo hicho ningemwambia mwenyewe alipie kiti cha valvu, tundu aliache lilivyo.