Kipaji na mazoezi katika kupiga ala: dhana potofu na ukweli

Kijana akipiga kinanda vizuri katika ibada ya Jumapili hapa Mwanza, waumini husema amezaliwa na kipaji. Wanaosema hivyo hawakuwapo jioni za katikati ya wiki, kanisa likiwa tupu, alipokuwa akirudia mstari mmoja wa besi kwa mkono wa kushoto hadi mlinzi akaja kufunga mlango. Hata Mozart, mtunzi maarufu wa muziki wa Ulaya ambaye hutajwa kila mara katika mjadala huu, alilelewa na baba mwalimu wa fidla, ambaye kitabu chake cha kufundishia ala hiyo kilichapishwa mwaka 1756, mwaka uleule mtoto alipozaliwa. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto wa mpiga ngoma wa bugobogobo, ngoma ya asili ya Wasukuma: tunadhani mapigo yamo damuni mwake, ilhali ameyasikia tangu akiwa mgongoni mwa mama yake.

Dhana ya pili inatoka upande wa pili, nayo kwa maoni yangu inapotosha zaidi kwa sababu ina sura ya kisayansi: kwamba yeyote akitimiza saa 10,000 za mazoezi atakuwa bingwa. Chanzo chake ni utafiti wa mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake, uliochapishwa mwaka 1993, kuhusu wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Idadi hiyo ilikuwa wastani wa kundi lililofanya vizuri zaidi lilipofikia umri wa miaka 20, wala haikuwa kizingiti. Isitoshe, Ericsson alisisitiza mazoezi ya kurekebisha kosa mahususi chini ya mwalimu; anayepiga nyimbo zilezile tano kwa miaka kumi anahesabu saa tu.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba, katika muziki, mazoezi ya namna hiyo yanaeleza takriban asilimia 21 ya tofauti za uwezo baina ya watu. Kwa hiyo kurithi kuna nafasi yake, lakini si sahihi kuiita asilimia yote iliyobaki kipaji, kwani humo mna mengine pia, pamoja na makosa ya vipimo vyenyewe.

Kuhusu umri, mtu wa miaka arobaini anaweza kujifunza. Asichotarajiwa kukipata ni uwezo wa kuitaja noti kwa kuisikia tu, ambao wengi walio nao walianza muziki wakiwa wadogo sana. Lakini kwaya haiuhitaji, maana sauti ya kuanzia hutolewa na kinanda.