Seli ya mafuta si debe la kumiminia

Wengi huamini kwamba mafuta yote ni mamoja: yakishaliwa, huenda kujaza seli za mafuta kama mtu anavyojaza debe. Kosa hili linatuficha jambo la ajabu.

Kweli, kila gramu ya mafuta, yawe ya aina gani, ina takriban kilokalori 9. Lakini asidi za mafuta, yaani vijenzi vya mafuta, pia hubeba ujumbe. Seli changa inayoelekea kuwa ya mafuta huanza kutengeneza protini iitwayo PPAR-gama. Baadhi ya asidi, hasa zile zisizoshiba haidrojeni, hujishikiza kwenye protini hiyo na kusaidia kuwasha jeni za kuhifadhi mafuta. Itazame seli hiyo kwa hadubini: mwanzoni ni nyembamba na ndefu, siku chache baadaye imeviringika, imejaa vitone vinavyong'aa. Na si mafuta ya chakula tu yaliyomo humo, kwani homoni ya insulini huisukuma seli igeuze hata glukosi, yaani sukari ya damu, kuwa mafuta.

Tena usiichukie seli hii. Watu waliozaliwa karibu bila seli za mafuta hawasalimiki: mafuta yao hurundikana kwenye ini na misuli, na kisukari huwaandama.